Maji ya Miguuni Hurudishwa, Hayakaushwi

Mazungumzo ya wakunga na wajawazito wa miezi ya mwisho, pamoja na waliowasindikiza, kliniki ya mama na mtoto, Dodoma

Mbukwenyi akina mama! Akina baba mliosindikiza, msijibanze huko mlangoni, sogeeni mbele. Leo kuna kazi zenu. Na mama wakwe na bibi zetu, shikamooni. Tunajua maamuzi mengi ya nyumbani yanapita kwenu, kwa hiyo haya tunayasema mbele yenu makusudi.

Tuanze kwa kujipima. Pandisha gauni hadi gotini. Weka kidole gumba kwenye muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Bonyeza kwa nguvu ya wastani, hesabu moja hadi tano polepole, kisha achia. Pakibaki shimo, hata la kutosha punje ya karanga tu, hayo ni maji. Haya, hamia mguu wa pili, mahali pale pale. Usisahau ulichoona kwa kila mguu; tutakirudia baadaye, na kina maana kuliko unavyodhani.

Wengi wenu mna shimo, na wengi wenu hamuumwi. Mjamzito akifika mwezi wa tisa, damu yake imeongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mwili mzima umebeba maji ya ziada kama lita 6 hadi 8. Hiyo ni zaidi ya robo ya ndoo kubwa. Mengine yako kwa mtoto na kwenye chupa yake, mengine kwenye damu, na mengine yamesambaa mwilini. Mwili umeyaweka kwa sababu unayahitaji.

Shida ni njia ya kurudi. Mshipa mkubwa unaopandisha damu kutoka miguuni umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo, nyuma kabisa ya mfuko wa uzazi. Mfuko wenye mtoto wa wiki 34 ukiegemea pale, damu inapanda kwa tabu. Juu ya hilo, homoni za ujauzito zimelegeza kuta za mishipa, na damu yenyewe imekuwa nyepesi, kwa hiyo protini yake haina tena nguvu ile ile ya kuyashika maji yasitoke. Yanapenya kwenye kuta za mishipa midogo na kukaa kwenye nyama ya kifundo na ya unyayo. Asubuhi umeamka na miguu yako. Jioni kandambili inaacha alama za mikanda. Ongeza joto letu la mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, linalotanua mishipa ya ngozi, utaelewa kwa nini mwenye mimba ya miezi minane wakati huo anavimba kuliko aliyekuwa nayo mwezi wa saba, upepo wa baridi ukipiga.

Kwa hiyo maji haya hayajazidi. Yamekwama njiani. Ukilishika hilo, mengine yote ya leo yatakaa sawa kichwani, kwa sababu makosa karibu yote tunayoyaona yanatokana na kutaka kuyakausha.

Kosa la kwanza ni kuacha kunywa maji. Mama anasema, "Miguu imejaa maji, niongeze mengine ya nini?" Ukikaa na kiu, figo zinazidi kubana maji na chumvi, mkojo unakuwa mzito na wa njano iliyokolea, choo kinakuwa kigumu, na miguu iko vile vile. Kunywa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku. Chupa ya lita moja na nusu ijazwe asubuhi iishe kabla ya alasiri, halafu ongeza glasi tatu au nne. Kipimo kizuri ni rangi ya mkojo: uwe kama maji yaliyodondoshewa ndimu.

Kosa la pili linatutisha zaidi, nalo ni dawa za kukojoza. Mtu anakwenda dukani, anataja kuvimba, anarudi na vidonge vya furosemaidi, ile mnayoijua kwa jina la Lasix. Ni kweli utakojoa sana. Lakini dawa hiyo inachota maji kwenye damu kwanza, wala haijui kifundo kiko wapi. Damu ikipungua, inayofika kwenye kondo la nyuma nayo hupungua, na mtoto ndiye anayelipa. Kuna wajawazito wanaoandikiwa, wenye ugonjwa wa moyo kwa mfano, ila hao daktari anawafuatilia. Kidonge cha jirani, hapana. Na tukiwa hapo hapo dukani: kwa maumivu ya miguu usipewe diklofenaki wala ibuprofeni katika miezi hii. Zinaweza kupunguza maji ya chupa ya mtoto na kubana mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Parasetamoli inatosha, nayo kwa kipimo chake.

La tatu ni maji ya moto yenye chumvi. Bibi zetu mtusamehe hapa. Chumvi ya kwenye beseni haivuti maji kupitia ngozi, na joto linatanua mishipa, kwa hiyo mguu unaotoka humo unapata nafuu ya dakika kumi halafu unajaa kuliko mwanzo. Tumia maji ya baridi ya kawaida, ya mtungini, siyo ya barafu, kwenye beseni pana la kuingia miguu yote miwili bila kubanana. Yafike katikati ya kigimbi, ukae dakika 15 hadi 20. Hayamalizi uvimbe, yanatuliza ule moto wa nyayo, na jioni ya Dodoma hilo si jambo dogo.

Sasa kuyarudisha. Kila mtu anasema ananyanyua miguu, na wengi wanakosea. Anakaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda: bado iko chini ya nyonga, maji hayana sababu ya kuondoka. Mwingine anaweka mto chini ya magoti, nyayo zinaning'inia. Mwingine anaegemeza kisigino kwenye ukingo wa ndoo, na ukingo ule unabana mshipa kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia. Na wapo wanaolala chali kabisa, miguu ukutani, kwa nusu saa. Mtoto anaulalia mshipa tuliousema, mama anaona kizunguzungu, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio.

Tazameni hapa mkekani tunavyofanya. Lala ubavu, kushoto ikiwezekana, maana mshipa uko kulia na mfuko wa uzazi unauachia nafasi. Kunja mablanketi mawili mpaka upate kimo cha shibiri moja. Yapange kuanzia gotini hadi unyayoni, chini ya miguu yote miwili, ili nyama yote ya mguu iegemee na sehemu moja isibebe uzito peke yake. Unyayo uwe juu kidogo ya kifua. Mto mdogo katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo usije ukabingirika. Dakika 20. Mara tatu kwa siku: kabla ya chakula cha mchana, ukirudi kazini au shambani, na jioni.

Hiyo ya jioni ifanye saa mbili nzima kabla ya kulala. Ni kwa sababu maji yakirudi kwenye damu, figo zinayaona na kuyatoa, na utakwenda chooni. Ukinyanyua miguu ukiwa tayari kitandani, utaamka mara nne usiku na kulaumu ushauri wetu. Kukojoa huko ndiyo dalili kwamba umefanikiwa.

Akina baba, mnaoweza, chukueni matofali mawili ya kuchoma, yalazeni chini ya miguu ya kitanda ya upande wa nyayo, kitanda kisicheze. Mwinuko huo mdogo, kama sentimita 8 au 10, unafanya kazi usiku kucha. Lakini mke wako akiwa na kiungulia, yaondoe. Tindikali itapanda kooni na hatalala. Usiku alale ubavu, kushoto au kulia. Akijikuta chali asiogope, ageuke tu aendelee kulala.

Kunyanyua peke yake hakutoshi, kwa kuwa huwezi kulala siku nzima. Moyo unasukuma damu kwenda chini. Kuipandisha ni kazi ya kigimbi. Mmeona bomba la kisima vijijini kwetu, la Bahi au Chamwino: usipopampu, maji hayaji, hata kisima kiwe kimejaa. Ndani ya mishipa ya mguu kuna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kigimbi kikikaza, kinaiminya damu, vilango vinaizuia isirudi. Anayesimama wima nyuma ya meza ya nyanya sokoni Majengo kutwa nzima, na anayekaa mbele ya kompyuta kwenye ofisi za serikali Mtumba kutoka saa mbili hadi saa tisa na nusu, wote wana bomba zima ambalo halipampwi.

Zoezi ni hili. Ukiwa umekaa, vuta vidole vya miguu kuelekea muundi hadi kigimbi kivutike, kisha sukuma unyayo chini kama unakanyaga pedali ya cherehani. Mara 30. Halafu zungusha kifundo mara 8 upande huu, mara 8 upande ule. Rudia kila nusu saa. Ukiwa umesimama, shika meza, nyanyua visigino, shusha polepole, mara 10 hadi 15. Mkazo wa misuli ukikushika katikati ya zoezi, usinyooshe vidole mbele, ndivyo unavyozidi, vivute kwako. Kisha tembea dakika 15 asubuhi kabla jua halijachachamaa na nyingine 15 jua likishazama. Na acheni kukunja nne, maana kukunja nne ni kuziba njia kwa goti lako mwenyewe.

Mnaosafiri kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 450, basi linawaweka kwenye kiti kutwa nzima. Chukua siti ya njiani, siyo ya dirishani, ushuke na kutembea kila linaposimama, Morogoro usibaki ndani. Treni ya SGR, tangu ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, ina nafuu ya kuweza kuinuka na kupita behewani. Kadi ya kliniki iwe kwenye pochi, siyo kwenye begi la chini ya gari.

Soksi za kubana ni msaada mkubwa kwa wanaosimama kutwa, lakini zina masharti. Nunua za kuishia chini ya goti, za mkazo wa milimita 15 hadi 20 za zebaki (mmHg). Imeandikwa kwenye boksi. Pima mzunguko wa kifundo na wa kigimbi asubuhi, kabla mguu haujajaa, ufuate jedwali la hapo hapo kwenye boksi. Zivae kabla nyayo hazijagusa sakafu. Ukishaamka, ukaenda kupika chai ndipo uvae, umefungia maji ndani. Namna ya kuvaa: ingiza mkono hadi kisiginoni, shika kisigino cha soksi, igeuze ndani nje mpaka hapo. Ingiza vidole na unyayo, hakikisha kisigino kimekaa mahali pake, ndipo uikunjue kupanda juu kidogo kidogo, ukilainisha kila mkunjo. Kwa tumbo la miezi minane huwezi kuinama hivyo. Baba, hii nayo ni yako. Kosa kubwa ni kuikunja juu pale inapozidi. Mkunjo ule unakuwa kamba chini ya goti, na kinachobanwa juu kuliko chini kinaongeza uvimbe. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi bendeji za kujifunga wenyewe, wala soksi za kawaida zenye mpira unaoacha mfereji. Huo mpira ukate kwa mkasi. Usiku vua.

Viatu nunua jioni, mguu ukiwa mkubwa, ubaki upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Pete za vidoleni vueni mapema, wiki ya 30 hivi, kwa sabuni na maji baridi, mkono ukiwa umenyanyuliwa. Tusije tukaikata pete ya ndoa kwa msumeno siku ya uchungu.

Kuchua kunasaidia kama kunafanywa kutoka vidoleni kupanda gotini, kwa mafuta kidogo na kiganja chote, dakika tano kila mguu. Mishipa iliyotuna usiibonyeze.

Chakula tutakipitia haraka, isipokuwa jambo moja la kwetu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kijiko cha kusawazishwa, na hapo tumehesabu yote: ya mboga, ya chipsi, ya viungo vya pakiti. Hatusemi uiache kabisa. Sasa, mlenda. Mlenda ni mboga nzuri, endeleeni nao. Ila magadi yanayowekwa ili uvutike vizuri ni sodiamu ile ile ya kwenye chumvi. Mtu anatuambia kwa moyo safi kwamba amepunguza chumvi, na kila jioni anakula mlenda wa magadi. Punguza magadi hadi ncha ya kijiko kwa sufuria, au pika bila. Bamia zenyewe zinavutika. Ongeza choroko, kunde, karanga, mayai, maziwa. Vidonge vya damu usimeze na chai. Meza na juisi ya ubuyu, tunayo tele hapa mjini, ina vitamini C inayosaidia madini ya chuma kuingia mwilini, bila kuijaza sukari. Na udongo wa kula, tafadhali, wekeni chini. Unazuia madini hayo, na upungufu mkubwa wa damu nao huvimbisha miguu.

Turudi kwenye lile shimo la muundini. Mashimo yanayofanana pande zote mbili, yanayoongezeka jioni na kupungua asubuhi, hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyazungumza muda wote. Ukiona mguu mmoja umejaa kuliko mwenzake, hasa wa kushoto, unauma kigimbini, una joto au wekundu, hapo ni lugha nyingine: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Usichue, usikande, usiulalie ukisubiri kesho. Bonge lile likichomoka linakwenda mapafuni. Njoo siku hiyo hiyo, na kama kuna kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, njoo saa hiyo hiyo.

Uvimbe ukiwa usoni, kope zimejaa asubuhi, vidole vya mikono havikunjiki, pete iliyotoka juzi leo haitoki, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya wiki moja wakati kawaida ni kama nusu kilo, tunafikiria kifafa cha mimba, ile presha ya ujauzito inayoweza kuleta degedege. Kichwa kinachouma kisichosikia parasetamoli, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au chembe ya moyo, kutapika ghafla mwezi wa nane: hivyo ni vya dharura hata kama miguu ni myembamba. Tusisitize hapo, kwa sababu wengi hupitiwa. Kipo kifafa cha mimba kisichovimbisha chochote. Ndiyo maana hatukuachi uende na maneno ya "mimi sijavimba". Tunapima presha, ikifika 140 juu au 90 chini tunarudia, na ikifika 160 au 110 hatukurudishi nyumbani.

Presha yenyewe nayo inahitaji adabu yake. Ukishuka kwenye bodaboda ukakimbilia foleni, itasoma juu bure. Kojoa kwanza, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda usivishwe juu ya sweta, na usizungumze. Mkojo wa kupima protini uwe wa katikati: jisafishe, acha wa mwanzo uende, kinga unaofuata. Uchafu wa ukeni ukiingia kwenye kikopo, kipimo kitaonyesha protini ambayo haipo.

Yuko pia mama asiyeweza kulala ubapa, anayeamka usiku kukohoa na kuhema, anayechoka kwa hatua chache, na miguu imejaa hadi mapajani. Huyo moyo wake uangaliwe. Inaweza kutokea mwezi wa mwisho, na hata miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo asiambiwe tu kwamba ni uzazi.

Dharura ikitokea usiku na usafiri hakuna, piga 115, ni bure; ni mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Namba hiyo iwe kwenye simu ya baba, ya mama mkwe na ya jirani mwenye chaji.

La mwisho, wengi hushtuka: baada ya kujifungua miguu inaweza kuvimba zaidi kwa siku chache, hasa ukiwekewa dripu. Maji yaliyokuwa yamesambaa yanarudi, unakojoa na kutoka jasho sana, na kwa wengi inaisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Wakati huo huo presha hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, siku ambazo uko nyumbani unakandwa. Miguu iliyovimba isikandwe kwa maji ya moto. Kichwa kikiuma siku hizo, usiseme ni usingizi wa mtoto, rudi tupime. Mahudhurio ya wiki ya kwanza ni ya kwako kama yalivyo ya mtoto.

Haya. Wenye soksi wabaki mkekani na waume zao tufanye mazoezi ya kuvaa. Walioona shimo mguu mmoja tu waje kwetu sasa hivi, wasipange foleni. Wengine, foleni ya presha inaanzia dirishani. Choo kiko upande wa kushoto, na viti vimepangwa ili kila mmoja akae dakika zake tano.